Ufagio Uliokuwa Ukiibomoa Nyumba ya Vestina

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, Kitahana inafagia. Moto bado haujawashwa, mbuzi bado wamefungwa, lakini vijiti tayari vinakwaruza udongo mkavu kutoka ua mmoja hadi mwingine, na vumbi jekundu linapanda taratibu kwenye migomba. Mgeni akipita barabarani saa hizi atadhani kata nzima imeambiwa kuna waziri anakuja.

Uwanja mmoja tu uko kimya. Katikati yake amesimama mwanamke mrefu, khanga ya pili ameikaza kiunoni, na badala ya kufagia anamwaga gunia la majani makavu. Anapiga magoti, anayatandaza kwa viganja. Humo anakuta mfuko wa plastiki, anausonya, anautupa kando, anaendelea.

"Mwakeye, Mama Esperance!" jirani anamwamkia kwa Kiha kutoka upande wa juu wa kilima, ufagio mkononi. "Bado unachafua?"

"Bado nachafua, dada Zena. Na wewe bado unaniletea udongo?"

Wanacheka wote wawili, na kila mmoja anarudi kwenye shughuli yake. Leo wanacheka. Lakini jambo hilihili, mwaka jana, lilijaza watu uwanjani hapa wakiwa wanalia, na mwenye uwanja naye akalia kuwashinda wote bila kujua analilia nini.

Mwanamke huyo ni Vestina Mpawenimana, mwenye umri wa miaka 41, mama wa watoto watatu, mkazi wa Kitahana wilayani Kibondo. Na ukimuuliza kazi yake, usije ukadhani anakutania. Vestina ni mfagizi.

Kila siku saa moja asubuhi huwa ameshafika mjini Kibondo, kwenye nyumba ya wageni ya mfanyabiashara aitwaye Mwanaamina, mwanamke mwenye asili ya Pangani aliyehamia huku na marehemu mumewe. Hapo Vestina hufagia uwanja, korido na mbele ya geti kwa mshahara wa shilingi elfu tisini kwa mwezi. Mume wake, Mpawenimana, huwa Urambo kwenye mashamba ya tumbaku karibu mwaka mzima, na fedha yake huja pale msimu unapoisha, ikija.

"Kufagia ndiyo kitu nilichokuwa najivunia," anasema. "Wengine wana sauti ya kuimba kanisani, wengine wanajua kusuka mikeka. Mimi nilikuwa na ufagio."

Ufagio huo alikabidhiwa. Siku alipoolewa, mwaka 2004, mama mkwe wake, Bibi Bukuru, alimpokea mlangoni mwa nyumba hii akiwa na ufagio mpya wa vijiti, akamshikisha mbele ya watu. Ndivyo walivyopokelewa wake wote wa ukoo ule.

"Akaniambia, 'Mukilala njaa, ni siri yenu na mume wako. Uwanja ukilala mchafu, Kitahana nzima inajua.' Nikasema ndiyo, Mama. Na kweli nilifagia."

Alifagia asubuhi na jioni, kiangazi na masika. Alifagia akiwa na mimba, na alifagia siku chache baada ya kujifungua, huku shangazi zake wakimgombeza. Mistari ya ufagio wake ilikuwa imenyooka kiasi kwamba watoto wake walizoea kutembea pembeni, wasiiharibu. Wanawake wa jumuiya walipokuwa wanataka kumsema mke mvivu, walimtaja Vestina kwanza, ili huyo mvivu aone aibu.

Ni sifa hiyo iliyompeleka Kasulu.

Mwezi wa nane mwaka jana, kikundi cha wanawake wa parokia yake kilitakiwa kutoa mtu mmoja kwenda kwenye mafunzo ya bustani za nyumbani, katika kijiji kilicho jirani na kambi ya Nyarugusu. Walimchagua yule mwenye uwanja msafi kuliko wote. Vestina aliomba ruhusa kazini, akapanda basi la Kasulu akiwa na mfuko mtupu kwenye pochi yake.

"Mimi nilifikiri tunakwenda kupewa mbegu za mchicha," anakiri. "Huo mfuko ulikuwa wa mbegu."

Mwalimu alikuwa Aksanti, mkimbizi kutoka mashariki mwa Kongo, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, anayeuza miche mbele ya kibanda chake kambini na kufundisha wengine pale kibali kinapopatikana. Anachofundisha kinaitwa permakalcha. Kwa lugha nyepesi, ni namna ya kuyapanga makazi, nyumba, maji, miti, kuku na mboga, hadi kila kimoja kimtumikie mwenzake na pasiwe na kinachotupwa. Maji ya kuogea yanakwenda kwenye mgomba, maganda yanakwenda kwa kuku, majani yanabaki chini yalipodondokea.

Hilo la majani ndilo lililomshtua Vestina kwanza. Yabaki chini? Watu waingie nyumbani kwa mtu wakikanyaga majani?

Aksanti hakubishana naye. Aliuliza darasani nani anajua kufagia sana, na Vestina akainua mkono kabla swali halijaisha. Akapewa ufagio, kikatandikwa kitenge mwisho wa kiwanja, akaambiwa afagie kama afagiavyo kwake.

"Nikafagia kwa madaha, wenzangu wanipigie makofi. Na wakanipigia."

Kisha Aksanti akakunja kitenge, akakitikisa, akapuliza, majani na vijiti vikapeperuka. Kilichobaki kilijaza kikombe cha chai. Udongo mtupu, laini, mwekundu.

"Mama, hii njo takataka?" Aksanti alimuuliza. "Hii ni parseli yako, kiwanja yako. Kila siku unatosha, unaondosha kidogo, asubui na mangaribi. Miaka yote ile, udongo yako ilienda wapi?"

Darasa likacheka. Vestina naye akacheka, halafu akaacha kabla ya wengine. Akakumbuka maji ya mvua yanavyotoka kwake yakiwa mekundu, yakishuka bondeni hadi kijito kibadilike rangi.

"Usiniamini miye," Aksanti aliongeza. "Ukifika kwako, piga magoti, uangalie nyumba kwa chini."

Vestina anasema njia nzima ya kurudi Kibondo alikuwa amenuna. Alifika kwake alasiri, akatua mzigo, akazunguka nyuma ya nyumba ambako hakuna anayemwona, akapiga magoti kwenye kona ya chumba wanamolala watoto.

Mawe ya msingi yalikuwa nje, yote. Chini ya jiwe la mwisho, pale ambapo palitakiwa pawe na ardhi, palikuwa na kiza. Akaingiza vidole. Akaingiza kiganja. Mkono ukaendelea kuingia hadi kiwiko, na juu yake kulikuwa na ukuta mzima wa matofali ya udongo, na nyuma ya ukuta huo, vitanda vya wanawe.

"Hadi hapa kwenye kiwiko," anasema, na hata leo anaushika mkono ule wa kulia anapolieleza hilo. "Nikautoa mkono polepole, nikiogopa hata kuigusa nyumba yangu mwenyewe. Ye data wee, baba yangu wee! Nilikaa pale chini."

Halafu akakumbuka kitu cha mlangoni, na hicho, anasema, kilimuumiza zaidi. Alipoolewa, mlango wa mbele ulikuwa usawa wa ardhi; bibi harusi aliingia bila kuinua mguu. Mtoto wa kwanza alipoanza kutambaa, Vestina mwenyewe aliweka tofali moja pale mbele ili mtoto apande. Miaka ikapita, akaongeza la pili. Hakujiuliza hata siku moja kwa nini mlango unazidi kwenda juu.

"Nilikuwa naona nyumba inapanda. Nyumba inapandaje? Ni mimi nilikuwa naushusha uwanja, na ninapigiwa makofi."

Mvua za kwanza zilikuwa zimebakiza wiki chache tu. Nyumba ile ikipata mvua ya usiku mmoja ya milima hii, kona ile ingekwenda na watoto. Fedha ya kujenga upya hakuwa nayo, na mume hapatikani mpaka tumbaku iuzwe. Alichokuwa nacho ni mafunzo ya siku chache na hofu nyingi. Jioni hiyohiyo alitoa magodoro ya watoto chumbani akayahamishia jikoni. Akayaondoa yale matofali mawili ya mlangoni, akayasukumia chini ya kona iliyoning'inia, na kuongezea mawe yoyote aliyoyakuta. Kisha akauning'iniza ufagio nyuma ya mlango, akaanza kukusanya majani.

Hapo ndipo yalipotokea yale ambayo Kitahana bado inayasimulia.

Katika vijiji hivi, uwanja haufagiliwi ikiwa kuna maiti. Toka mtu anapokata roho hadi matanga yaondolewe, ufagio haushikwi, na magodoro hutolewa vyumbani ili wafiwa walale pamoja. Kila mtu anajua hivyo, hata mtoto. Kwa hiyo Zena, jirani wa upande wa juu, alipochungulia asubuhi ya tatu akaona uwanja wa Vestina, wa Vestina yuleyule, umejaa majani, magodoro yamehamishwa, na mwenyewe kaondoka bila kusalimia mtu, macho yamevimba, hakuhitaji kuelezwa.

"Nilisema Mpawenimana amefia Urambo," anasimulia Zena, safari hii bila kucheka. "Nikasema huyu mwanamke amepokea simu, amechanganyikiwa, amekwenda kazini hajijui. Nilipiga simu ya yule mume, haipatikani. Basi, nikapiga yowe."

Vestina alikuwa mjini anafagia korido. Alimaliza kazi saa tisa, akabeba gunia lake la majani, akashika njia ya nyumbani. Kwenye kona ya mwisho alianza kusikia vilio. Akaharakisha. Alipotokeza akaona uwanja wake umejaa watu, wanaume wamekaa kwenye mabenchi ya kanisani, vijana wana majembe, kuni zimepangwa, sufuria kubwa ya maharage iko motoni, na wanawake wamekaa chini vichwa vimefunikwa.

"Niulize nilifanya nini," anasema.

Alitupa gunia, akaanguka chini, akalia. Kwa akili yake, watu hawa wamepata habari ambayo yeye hajaipata. Alimlilia mumewe kwa jina, akawalilia watoto wake, akalaani tumbaku. Na wale waombolezaji, ambao walikuwa na shaka kidogo maana hakuna aliyeitwa rasmi, walipomwona mke analia namna ile wakathibitisha. Kilio kikapanda upya.

Katikati ya kelele hizo bodaboda ikasimama barabarani. Bibi Bukuru, aliyepata habari kijijini kwake Kumsenga, alishushwa akiwa peku, kilemba kimemdondoka, akimwita mwanawe wa mwisho aliyebaki.

Ilichukua muda mrefu kabla katekista hajamsogelea Vestina na kumuuliza kwa upole, "Pole, mama. Nani alikupigia simu?"

"Mimi?" Vestina akanyanyua uso. "Si ninyi mmepigiwa?"

Katekista akamtazama. Akageuka akawatazama watu. Watu wakamtazama Zena.

Simu ya Mpawenimana iliendelea kutopatikana, lakini mtu mmoja alikuwa na namba ya mwenzake wa shambani. Ikapigwa, ikawekwa sauti kubwa. Walisikika watu wakiitana, hatua zikikimbia, halafu sauti ya marehemu mwenyewe: "Haloo? Nipo kwenye vitalu vya miche, kuna nini huko? Mbona mnalia? Nani amefariki?"

Vestina anasema mume wake, aliposikia kilio cha msiba wake mwenyewe kwenye simu, alianza naye kulia, na ikabidi katekista ambembeleze.

Furaha haikudumu. Mshtuko ulipopoa, watu walibaki na swali moja, na Zena ndiye aliyeliuliza kwa hasira, maana sasa aibu ilikuwa yake: "Kama hakuna aliyekufa, kwa nini hufagii?"

Vestina akajaribu kueleza. Kasulu, Aksanti, kikombe cha udongo. Kila neno lilizidi kuharibu mambo. Watu wameacha mashamba yao, wametoa kuni na maharage, wamelia, kwa sababu ya mtu aliyejifunza uchafu kambini.

Bibi Bukuru hakutaka kusikiliza. Akiwa amesimama nje, aliingiza mkono nyuma ya mlango, akauchomoa ule ufagio uliokuwa umening'inizwa, akamrudia mkaza mwanawe. Kwa mara ya pili katika maisha yao, alimshikisha ufagio mbele ya watu.

"Umenizikia mtoto akiwa hai," alimwambia. "Sasa fagia, watu hawa wakuone. Ukishindwa, funga nguo zako, urudi kwenu leo hii."

Vestina anasema ufagio ule ulikuwa mwepesi kama siku zote, ila mkono wake haukutaka kusogea. Akifagia, nyumba itaanguka. Asipofagia, hana nyumba.

"Nikamwambia, 'Mama, umetoka mbali. Ingia ndani ukae, upumzike. Ukishakaa, mimi nitafagia.' Sikuwa na ujanja wowote. Nilitaka tu akae, alikuwa amefika peku."

Bibi Bukuru akaenda mlangoni. Akainua mguu, haukufika. Akashika fremu ya mlango, akajaribu tena, mguu ukarudi chini. Yale matofali mawili hayakuwepo. Akainama kutazama kinachomzuia, na hapo akabaki ameinama.

Nyumba ile aliijenga yeye na marehemu mumewe, kwa ajili ya mtoto wao huyuhuyu. Mawe ya msingi aliyabeba kichwani kutoka bondeni. Moja, lenye mshipa mweupe katikati, lilimwangukia mguuni, likamwachia kovu alilonalo mpaka leo. Aliliweka chini kabisa ya mlango, akalifukia, akalikanyaga kwa hasira. Sasa lilikuwa mbele ya macho yake, limesimama hewani, juu ya ardhi.

"Hili jiwe nililizika mimi," alisema. Akaligusa. Akaupapasa ule mshipa mweupe. "Nililizika kwa mikono hii. Nani amelifukua?"

"Ni mimi, Mama," Vestina alimjibu. "Kwa ufagio ulionipa."

Bibi Bukuru alikaa chini, palepale juu ya majani. Waliokuwepo wanasema hakuonekana kukasirika wala kusikitika. Alionekana mtu aliyepigwa kofi na asiyemjua. Baadaye akaomba aoneshwe kona ya chumba cha watoto, naye akaingiza mkono.

Mmoja mmoja, waombolezaji wakaanza kuaga. Hawakusema wanakwenda wapi, lakini jioni ile aliyepita barabara ya Kitahana aliona kitu cha ajabu: watu wazima, waume kwa wake, wamepiga magoti nyuma ya nyumba zao, wanapapasa chini.

Kulikuwa na jambo moja lililobaki, la majembe. Wazee wa hapa hawapendi kijana aende msibani na jembe akarudi nalo halijagusa udongo, wanaamini anajiwekea kaburi lake mwenyewe. Vijana walikuwa wamesimama na majembe yao, hawajui waende au wabaki, mpaka katekista alipouliza kama hakuna kitu chochote cha kuchimbwa hapa.

Kilikuwepo. Vestina akafunga miti mitatu kwa mfano wa herufi A, akaning'iniza jiwe kwa kamba katikati kama alivyooneshwa Kasulu, akapima mstari usiopanda wala kushuka, ukikata kilima juu ya nyumba yake. Vijana wakachimba mtaro kuufuata mstari huo ili maji ya mvua yasimame humo na kuzama, yasiteremkie msingi. Majembe yaliyokuja kwa kaburi la Mpawenimana yakamchimbia mtaro. Maharage ya msiba yakaliwa na wachimbaji.

Mvua zilikuja kabla mwezi wa kumi haujaisha. Mvua kubwa ya kwanza, Vestina hakuondoka mlangoni. Maji yalijaa mtaroni, yakasimama, yakazama. Uwanjani yalipita chini ya majani, taratibu, na kwa mara ya kwanza toka aolewe, yalitoka kwake yakiwa maangavu.

"Kona ilibaki imesimama," anasema. "Nililia tena. Safari hii nilikuwa najua nalilia nini."

Hakufanikiwa kila kitu. Kwa pupa yake alirundika majani hadi kwenye matofali, na kabla ya Krismasi mchwa walikuwa wamekula nusu ya fremu ya dirisha. Alimpigia Aksanti simu akiwa amepaniki, na Aksanti, badala ya kumpa pole, alicheka kwanza. "Mama, nyumba si mugomba! Acha nafasi, usiilishe mchwa!" Sasa kuzunguka nyumba kuna mkanda wa changarawe usio na jani hata moja, kisha mchaichai, kisha matandazo. Maji ya bafuni yanakwenda kwenye shimo lenye migomba. Mboga ziko hatua chache kutoka jikoni, na matembele yametambaa mahali ambapo zamani palikuwa pamejaa mistari ya ufagio.

Kazini nako hakukuwa shwari. Siku moja mlinzi, Nurudini, alimzuia getini na gunia lake lililotuna. Wafanyakazi wakasogea, wageni wakachungulia madirishani. Gunia likamwagwa chini na kukutwa majani ya mparachichi, maua makavu na vumbi. Nurudini alipekua mara mbili, hakuamini.

"Vestina mwanangu," bosi wake Mwanaamina alimwambia mbele ya wote, "mimi nakulipa utupe takataka, kumbe wewe unaziiba?"

"Nilishtuka, wallahi," anasema Mwanaamina leo, akiwa kaketi nyuma ya kaunta yake. "Sijawahi kuona mwizi wa taka. Lakini aliponieleza, nikatoka nikaangalia ukuta wangu wa nyuma. Nikarudi ndani nikanywa maji." Uwanja wa mbele bado anataka ufagiliwe, maana wageni wana macho. Wa nyuma ameruhusu uachwe.

Na Zena? Yeye bado anafagia, kila asubuhi, na kila mvua ikinyesha udongo wake unashuka na kunaswa kwenye mtaro wa Vestina. Vestina anauzoa kwa karai, anaushindilia kwenye msingi wake. Zena alipogundua alikuja juu, akadai udongo wake urudishwe. Waligombana, wakanuniana, wakapatana. Sasa kila upande una msimamo wake.

"Akiacha kufagia, nitapata wapi udongo?" Vestina ananong'ona. Kisha anajirudi. "Hapana, natania. Nitamsaidia kuchimba wa kwake. Nyumba yake ni mbaya kuliko yangu ilivyokuwa, na ana wajukuu ndani."

Hilo ndilo analolipanga kabla ya mvua zijazo: mtaro wa pili, juu kwa Zena, halafu wa tatu juu zaidi. Anataka pia mume wake arudi msimu huu na asiondoke tena, maana ndizi za shimo lile zimeanza kumlipia ada ya mtoto mmoja, na shimo jingine lingeweza kumlipia wa pili.

Mlangoni, jiwe lenye mshipa mweupe limefunikwa hadi nusu. Bibi Bukuru huja kutoka Kumsenga kila anapopata nafasi, na kabla ya kusalimia mtu hulitazama kwanza. Safari hii amefika huku Vestina akimalizia gunia lake la majani. Anakataa mkono anaonyooshewa. Anainua mguu mwenyewe, anatweta kidogo, anaingia.

Ufagio ule wa harusi hauko tena nyuma ya mlango. Bibi Bukuru mwenyewe ndiye aliyeuchomeka juu darini, chini ya bati, wajukuu wasiufikie. Anaoneshea kwa kidole pale ulipo.

"Nimemwagiza huyu," anasema, akimtazama mkaza mwanawe. "Siku nikifa, aushushe, afagie uwanja wote. Watu wakiona hapa pamefagiliwa, watajua kuna msiba."

Vestina anatikisa kichwa, anacheka, anajifuta macho kwa pindo la khanga. "Mama," anasema, "huo ufagio na uliwe na mchwa."